Kaskazini si Mchanga Mtupu

Miaka ile ambayo njia ya Marsabit ilikuwa ya vumbi na mawe, mgeni aliyetoka Nairobi alipowasili huko, akanawa uso na kupewa kikombe cha chai ya maziwa, swali la kwanza aliloulizwa na wenyeji lilikuwa hili: "Kenya hawajambo?"

Mgeni asiyejua mambo alicheka akidhani anataniwa. Lakini haukuwa utani. Kwa mtu wa kaskazini, Kenya ilikuwa nchi nyingine iliyoanzia Isiolo kuelekea kusini, kwenye mahindi, majani chai na barabara za lami. Hata leo wapo wazee ambao mtoto wao akienda kutafuta kazi Nairobi husema kwamba "ameshuka Kenya."

Na sisi wa huku kusini tumelirudisha neno hilo kwa namna yetu. Ukimwambia mwenzako kwamba likizo ya Disemba utaipitisha Marsabit, atakutazama kama mtu aliyepatwa na homa. Kuna nini huko, atauliza, zaidi ya jua na mchanga? Kisha yeye mwenyewe atapanga foleni ya gari la moshi aende Mombasa, kama alivyofanya mwaka jana na mwaka juzi.

Makala haya ni ya kulijibu swali la mwenzako huyo.

Lakini kabla ya kumlaumu, yafaa kukumbuka kwamba hakuanza yeye. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliifanya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini kuwa eneo la kufungwa. Mtu hakuweza kuingia wala kutoka bila kibali. Sheria nyingine ya 1934 ikakaza kamba zaidi. Uhuru ulipokuja, vikaja pamoja nao vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, na hali ya hatari ikabakia katika vitabu vya sheria hadi 1991. Aidha, Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo zipelekwe mahali ambapo zingezaa matunda upesi, yaani penye rutuba na mvua. Kaskazini haina sifa hizo mbili. Basi ikakaa pembeni, na jina lake likawa jangwa.

Katika miaka ya 2010 lami ilitandazwa kutoka Isiolo hadi Moyale, mwendo wa kilomita kama 500. Safari ambayo zamani ilikuwa ya siku mbili juu ya lori, abiria amekaa juu ya magunia pamoja na mbuzi, sasa ni ya siku moja. Mlango umefunguliwa. Kilichobaki ni mtu kuuingia.

WANYAMA WA NCHI KAVU

Msafiri akishauacha mji wa Isiolo nyuma, nchi hubadilika ghafla kama mtu aliyegeuza ukurasa. Hewa ya Mlima Kenya humwacha, miti hupungua kimo na kuota miiba, na joto huingia garini bila kubisha hodi. Muda si muda atafika Archer's Post, ambapo mto Ewaso Nyiro unapita chini ya mikoma. Mto huo hupata maji yake Mlima Kenya na Nyandarua, ukayabeba hadi kwenye nchi kavu, na mwisho wake si baharini. Hufia katika kinamasi cha Lorian, ukanywewa na ardhi.

Kwenye kingo za mto huo ziko mbuga za Samburu, Buffalo Springs na Shaba. Wale wanaodhani kwamba wamekwisha kuwaona wanyama wote wa Kenya kwa kuwa walienda Masai Mara au Nakuru, hapa watajikuta wanafunzi wa darasa la kwanza. Yuko punda milia wa Grevy, mkubwa kuliko yule tuliyemzoea, mwenye milia myembamba iliyopangika kama maandishi na masikio mapana ya mviringo. Wamebaki kama 3,000 hivi duniani, na wengi wao wako Kenya hii hii. Yuko twiga ambaye ngozi yake imechorwa kama wavu. Yuko choroa, mwenye pembe mbili ndefu zilizonyooka kama mikuki. Yuko mbuni wa Kisomali, ambaye dume lake lina shingo na miguu ya rangi ya buluu. Na yuko swala twiga, ambaye husimama kwa miguu ya nyuma kama binadamu anayechuma maembe, akala majani ambayo mbuzi hawayafikii. Huyu anaweza kuishi miezi mingi bila kunywa maji, kwani unyevu wa majani humtosha.

Wanyama hawa hawakuletwa na mtu. Ndio wenyewe wa nchi kavu, na kila mmoja amejitafutia njia yake ya kuyapunja maji. Ndovu naye, ambaye hana hila hiyo, huchimba. Mto ukikauka, atasimama juu ya mchanga, apige kwa mguu na kuvuta kwa mkonga mpaka maji yachuruzike, na akishakunywa yeye wengine nao hunywa katika kisima chake.

Mbele kidogo, upande wa kushoto wa barabara, mlima wa jiwe uitwao Ololokwe unasimama peke yake, kuta zake wima, kichwa chake bapa kama meza. Wasamburu huuita pia Sabache na kuuheshimu kama mahali pa kuombea. Juu yake kuna msitu wa miti ya mierezi, jambo ambalo mtu aliyesimama chini kwenye joto hawezi kuliamini mpaka apande mwenyewe. Kupanda ni kazi ya saa kadhaa, na ni lazima kwenda na kijana wa hapo.

Magharibi yake, katika milima ya Mathews, kuna makao ya ndovu mayatima yaitwayo Reteti, yaliyofunguliwa mwaka 2016 na kumilikiwa na jamii ya Wasamburu wenyewe. Wengi wa watoto hao waliokotwa ndani ya visima vilivyochimbwa kwa mikono katika laga, ile mito ya mchanga isiyo na maji juu. Ndovu mdogo huinama kunywa, akateleza, akaachwa na mamaye. Wanalelewa kwa maziwa ya mbuzi, na maziwa hayo huuzwa na akina mama wa vijiji vya karibu. Hapo mtu anaona kwa macho yake jinsi mnyama wa porini anavyoweza kuwa riziki ya nyumba bila kuuawa.

MLIMA UNAOKAMUA MAWINGU

Baada ya Laisamis, nchi hulala kifudifudi. Hii ndiyo Kaisut, uwanda wa vichaka vikavu ambako Warendille huchunga ngamia wao. Msafiri atachoka kutazama. Na hapo hapo alipokata tamaa, mbele yake hutokea mlima wa rangi ya kijani kibichi, umejifunika wingu kama mzee aliyejifunika blanketi asubuhi ya baridi.

Ndio mlima Marsabit, wenye urefu wa mita 1,707. Aliyefika hapo usiku na shati jembamba atajuta, kwani huku chini alitokwa jasho na huku juu anatetemeka. Sababu yake ni nyepesi. Pepo zinazotoka upande wa bahari huvuka nyanda zote hizo bila kuzuiwa na kitu. Zikikutana na mlima hulazimika kupanda, na zikipanda hupoa, na zikipoa unyevu wake hugeuka ukungu. Miti mirefu, yenye ndevu za kijivujivu zinazoning'inia matawini, huunasa ukungu huo tone kwa tone na kuushusha ardhini. Kutokana na matone hayo hupatikana chemchemi kama ile ya Bakuli inayonywesha mji. Kwa hiyo mtu anapoukata mti mmoja wa Marsabit auchome makaa, amevunja mtungi. Laiti maneno haya yangeandikwa juu ya kila gunia la makaa!

Ndani ya msitu huo kuna mashimo makubwa ya volkeno zilizozimika, ambayo Waborana huyaita gof. Moja lao, Gof Sokorte Guda, lina ziwa chini yake, na hilo ndilo Ziwa Paradiso. Wamarekani wawili, Martin Johnson na mkewe Osa, walipiga kambi hapo katika miaka ya 1920, wakakaa muda mrefu wakipiga picha za sinema za wanyama. Ukikaa ukingoni jioni, unaweza kuwaona ndovu na nyati wakitoka msituni mmoja mmoja kwenda kunywa, bila haraka. Katika ukame mkali ziwa hilo hukauka, likabaki majani na matope. Kwa hiyo asiende mtu akidhani ameahidiwa maji, wala asinung'unike akiyakosa.

Marsabit ndiko alikoishi Ahmed, ndovu ambaye habari zake ziliwahi kuenea dunia nzima. Meno yake yalikuwa marefu kiasi cha kukaribia kugusa ardhi. Watu walipoanza kuhofia kwamba majangili watamuua, Rais Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda, na askari wakawa wanamfuata usiku na mchana. Alikufa mwaka 1974 kwa kifo chake mwenyewe, uzee, bila risasi. Sanamu yake ya kimo kamili iko katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Watoto wengi wa shule wamepigwa picha mbele yake. Ni wangapi kati yao wameuona msitu alimotembea?

VISIMA VYENYE NYIMBO

Karibu na mlima huo huo, mahali paitwapo Ulanula, viko visima vya Waborana vinavyosifika kwa nyimbo. Kisima hiki si kile cha kamba na pipa. Ni shimo refu lenye ngazi za udongo na magogo, na watu husimama mmoja juu ya mwingine kutoka chini majini hadi juu kwenye hori. Ndoo iliyojaa hupanda mkono kwa mkono, na ndoo tupu hushuka mkono kwa mkono. Mmoja akichelewa, mnyororo wote hukatika, na maji humwagika juu ya vichwa vya walio chini.

Wimbo basi si wa kujifurahisha. Ndio unaohesabu. Huanza wa chini, wa juu wakapokea, na mikono ikafuata. Humo husifiwa ng'ombe, rangi zao na mafahali yaliyowazaa. Ng'ombe waliokaa mbali wakisubiri zamu husikia, nao hujua kwamba maji yanakuja. Zamu zenyewe zimepangwa na wazee, wa leo na wa kesho, wa ng'ombe na wa ngamia, na mtu hawezi kujiingiza tu kwa kuwa ana kiu na ana nguvu. Ukiisha kuona kazi hiyo kwa nusu saa, utarudi nyumbani na kuufunga mfereji wako vizuri zaidi kuliko ulivyouacha.

Hapa nitoe onyo. Wachotaji hufanya kazi hiyo wakiwa nusu uchi, na hawapendi kupigwa picha. Wamekwisha kuona wageni wengi wakiinua kamera kabla ya kuinua mkono wa salamu. Kwanza salimu, kisha uulize, na ukikataliwa kaa usikilize. Wimbo hauhitaji picha.

MAWE MEUSI NA CHUMVI NYEUPE

Kaskazini ya Marsabit, kwenye njia ya Moyale, mtu huingia Dida Galgalu. Hapa hakuna mchanga hata kidogo. Ni mawe meusi ya volkeno, moja kando ya jingine, mpaka upeo wa macho, kana kwamba wako majitu waliovunja mlima kwa nyundo kisha wakaenda zao. Jua likiwaka, mawe hayo hulishika joto na kulirudisha usoni mwako hadi usiku.

Lakini ukiiacha lami na kushika njia ya magharibi kupitia Maikona, nchi hubadilika tena, mara hii kutoka weusi kuwa weupe. Umefika Chalbi. Palikuwa ziwa maelfu ya miaka iliyopita, na sasa ni sakafu ya udongo na chumvi, tambarare kabisa, ambapo gari linaweza kwenda upande wowote na dereva asijue kama anaenda mbele. Mchana mazigazi hucheza mbele yako. Utaona maji, utaona miti inayoelea, utaona ngamia wenye miguu mirefu kama minazi, na ukikaribia kila kitu kitatoweka isipokuwa ngamia. Mvua kubwa ikinyesha, Chalbi hukumbuka asili yake na kuwa ziwa tena kwa muda. Ole wake dereva atakayejaribu kuivuka wakati huo.

Na ukingoni mwa weupe huo iko Kalacha, penye chemchemi na mikoma, ambapo makundi ya ngamia, mbuzi na kondoo wa Wagabra hufika kunywa. Hawa Wagabra wanastahili makala yao peke yao. Nyumba yao ni ya fito na mikeka na ngozi. Siku ya kuhama, akina mama huibomoa asubuhi, huifunga juu ya ngamia, fito zikatokeza huku na huku kama mbawa, na jioni huisimamisha mahali pengine kama ilivyokuwa, kila chombo mahali pake. Ngamia kwao ni maziwa, ni mzigo, ni mahari na ni heshima. Sisi tunaojivunia kuhamisha kitanda kutoka ghorofa ya pili kwenda ya tatu tungejifunza mengi.

Hata hivyo mtu asiseme kwamba Kalacha ndiyo mwisho wa kijani. Kuelekea mpaka wa Ethiopia kuna vilima vya Hurri, ambavyo baada ya mvua huvaa nyasi na ukungu. Kusini magharibi ziko Ndoto na Nyiro, milima yenye misitu na vijito. Na juu ya Ziwa Turkana kuna Kulal, wenye zaidi ya mita 2,200, ambao kileleni una msitu wa ubaridi ilhali miguuni una mawe yanayochoma. Nchi hii inaitwa kame, ni kweli, lakini ukame wake una vyumba vingi.

BAHARI YA ZUMARIDI

Mtu anayelikaribia Ziwa Turkana kutoka South Horr huteremka juu ya mawe ya volkeno kwa muda mrefu, gari likilia, mpaka katika kona moja hulipata ziwa zima mbele yake kwa ghafla. Wengi husimamisha gari hapo. Ni ziwa la urefu wa kilomita kama 250, nalo ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya jangwani duniani. Rangi yake haitulii. Asubuhi pepo zikivuma ni la buluu au la kijivu, na pepo zikilala chembechembe za mimea ya majini hupanda juu, likawa kijani kama jiwe la zumaridi.

Waturkana na Wasamburu na Waelmolo walikuwa na majina yao ya ziwa hilo tangu zamani. Mwezi wa Machi 1888 alifika mpelelezi wa Kizungu, Count Samuel Teleki, akalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria. Rudolf alikufa mwaka uliofuata, wala hakupata kuliona. Ikabidi tungoje hadi 1975 ndipo Rais Kenyatta alipolibadilisha likaitwa Turkana.

Kando yake upande wa mashariki iko Loiyangalani, jina ambalo kwa Kisamburu maana yake ni mahali penye miti mingi. Na kweli, chemchemi ya hapo imeotesha mikoma katikati ya mawe. Karibu yake wanaishi Waelmolo, mojawapo ya jamii ndogo kabisa nchini, wavuvi tangu babu na babu, ambao zamani walivua kwa mashua za magogo ya mikoma yaliyofungwa pamoja. Lugha yao ya asili imekufa, na sasa husema Kisamburu. Kuna makumbusho ya jangwa juu ya kilima, yaliyofunguliwa 2008, na mwaka huo huo ilianza pia sherehe ya utamaduni inayozikutanisha jamii 14 za huko. Siku hizo utawaona Wadassanech, Warendille, Waturkana na Wagabra, ambao pengine waligombana kisimani mwezi uliopita, wakichezeana ngoma uwanja mmoja.

Mwenye kupenda elimu asikose Sibiloi, mbuga ya taifa tangu 1973, penye magogo ya miti ya kale yaliyogeuka mawe, na Koobi Fora. Hapo mwaka 1972 Mkenya Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu ambalo liliwashangaza wataalamu duniani. Ng'ambo ya pili ya ziwa, huko Nariokotome, Kamoya Kimeu aliokota mwaka 1984 kipande kidogo cha mfupa kilichofanana kabisa na mawe yaliyokizunguka. Kipande hicho kikawaongoza wachimbaji hadi kwenye mifupa ya mvulana aliyeishi miaka kama milioni 1 na nusu iliyopita. Kimeu alifariki 2022. Watu hawa wawili hawakuwa na shahada za chuo kikuu walipoanza. Walikuwa na macho na subira. Hebu fikiri, msomaji: nchi tuliyoambiwa haina kitu ndiyo iliyouonyesha ulimwengu nyayo za mababu wa binadamu wote.

Kutoka upande wa Turkana, kupitia Kalokol, mtu huweza kwenda kwa mashua hadi Kisiwa cha Kati, chenye maziwa matatu madogo ndani ya mashimo ya volkeno, na mamba wengi wanaotaga mayai yao hapo. Sibiloi na kisiwa hicho viliandikwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1997, na Kisiwa cha Kusini kikaongezwa 2001.

URITHI ULIO HATARINI

Lakini haitoshi kusifu. Mwaka 2018 UNESCO iliuhamisha urithi huo kwenye orodha ya ulio hatarini. Karibu maji yote ya ziwa, kama sehemu 9 kwa 10, hutoka mto Omo wa Ethiopia, na juu ya mto huo limejengwa bwawa kubwa la umeme la Gibe III, lililofunguliwa 2016, pamoja na mashamba ya miwa yanayonyweshwa. Hofu ilikuwa kwamba ziwa litashuka. Ajabu ni kwamba miaka iliyofuata lilipanda, kama yalivyopanda maziwa mengine ya Bonde la Ufa kwa mvua nyingi. Kijiji cha Waelmolo cha Komote, kilichokuwa kikifikiwa kwa miguu, kikawa kisiwa, na watoto wakawa wanakwenda shule kwa mashua. Mtu asichekelee kwamba hofu ya kwanza haikutimia, maana mvuvi aliyefunikwa nyumba na maji ana shida sawa na yule aliyekimbiwa na maji. Wote wawili hawakuulizwa.

Kisha ukaja ukame. Kutoka mwisho wa 2020, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Mifugo zaidi ya milioni 2 walikufa katika maeneo kame ya Kenya. Kati ya Februari na Oktoba 2022, serikali ilihesabu ndovu 205 waliokufa nchini, na punda milia wa Grevy 49. Ukikumbuka jinsi walivyo wachache duniani, utajua hesabu hiyo ina uzito gani.

Na upo upepo. Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya pana mlango mpana, na upepo hupita hapo kwa nguvu mwaka mzima. Huko Sarima, kusini ya Loiyangalani, imesimamishwa mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, na tangu 2018 umeme wake husafiri kwa waya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Ni fahari ya nchi. Lakini ugomvi juu ya ardhi hiyo ulifika mahakamani, na wenyeji wamelalamika kwamba umeme ulipita juu ya vichwa vyao ukaenda kuwasha taa za mbali. Utalii nao unaweza kufanya vivyo hivyo. Mgeni akija na chakula chake, dereva wake, hema lake na maji yake, akapiga picha na kuondoka, amepita kama umeme ule: juu ya vichwa.

ADABU ZA SAFARI

Kwa hiyo atakaye kwenda, ajitayarishe hivi. Asafiri wakati wa kiangazi, kwani mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Disemba hufunga njia zote zisizo za lami. Akiiacha barabara kuu, afadhali magari mawili kuliko moja, na magurudumu ya akiba mawili kuliko moja. Maji ya kunywa, lita 5 kwa mtu kwa siku si nyingi. Aulize habari za usalama kwa askari na wenyeji kabla ya kuondoka kila mji, kwa maana wizi wa mifugo bado upo, na anayejua njia ya leo ni yule aliyeipita jana.

Amchukue kijana wa pale kuwa mwongozi, na amlipe ujira wake bila kuvutana. Alale katika nyumba za wageni za wenyeji, ale nyama ya mbuzi na maziwa ya ngamia, anunue shanga kutoka kwa mikono iliyozitunga. Na kisimani asioge wala asioshe gari. Huko maji yana wenyewe na yana zamu.

Waswahili walisema, tembea uone. Walimaanisha kuona kweli, si kuthibitisha yale uliyokwisha kuyasikia nyumbani. Tukianza kwenda kaskazini sisi wenyewe, na watoto wetu, hata mara moja tu katika maisha, pengine itafika siku ambayo mgeni wa Nairobi atakaribishwa chai Maikona na kuulizwa habari za watoto, za shamba na za mvua. Kenya haitaulizwa, kwa kuwa wote wanaokunywa chai hiyo watakuwa wanajua kwamba wameketi ndani yake.